Mzee Miller alikiri: niliyowaambia vijana kuhusu 1844 na unabii wa Wasabato

(Niliongea haya Jumapili mchana mbele ya vijana wa madhehebu mchanganyiko, Wasabato walikuwepo, Walutheri walikuwepo, na wazee kadhaa. Nimeandika kama nilivyosema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Vijana poleni na jua, najua wengine mmetembea.

Nianze kwa kujieleza kwanza, maana ukitaja tu Usabato watu wanadhani umetumwa na dhehebu fulani uje kutukana. Mimi ni Mpare. Nimezaliwa nyumba ya Kisabato, baba alikuwa mzee wa kanisa, na mama yangu mpaka leo hii Ijumaa jua likianza kuelekea mlimani kashapika, kashafua, kashapanga viatu vya kesho mlangoni, anakaa anasubiri tuimbe wimbo wa kufungua Sabato. Kusoma kwenyewe nimejifunzia kwenye lesoni ya watoto. Sigara sijawahi kuvuta, pombe sijui ladha yake, na hayo yote nashukuru, nashukuru kabisa, sitakuja kumdharau mtu aliyenilea hivyo. Kwa hiyo ninayosema leo nayasema kama mtoto wa ndani anayeuliza swali sebuleni kwao.

Na swali lenyewe nilianza nalo nikiwa na miaka kama tisa hivi. Tulikuwa makambi, mwinjilisti akafundisha hukumu ya upelelezi. Akasema kuanzia mwaka 1844 mbinguni vitabu vimefunguliwa, majina yanapitiwa moja moja, wameanza na waliokufa, watakuja kwa walio hai, na hakuna anayejua zamu yake itafika lini, inaweza kuwa usiku umelala, jina likapita, na kama kuna dhambi hujaitubia basi imeisha hiyo. Usiku ule nililala kitanda kimoja na kaka yangu, nikamwamsha nikamuuliza, yale maembe tuliyochuma kwa jirani bila kuomba unadhani nimeshayatubia? Akaniambia lala wewe. Sikulala. Nikaanza kukumbuka dhambi moja moja, maembe, uongo kwa mwalimu, tusi nililomtukana binamu, na kila nikidhani nimemaliza nakumbuka nyingine, na ninaogopa kusinzia maana huenda ndo zamu yangu inapita. Najua humu ndani kuna watu wanaijua hiyo hofu vizuri.

Nilivyokua nikajiuliza, hii 1844 imetoka wapi? Maana kwenye Biblia ukisoma kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo huikuti.

Imetoka kwa mkulima mmoja wa Marekani anaitwa William Miller. Alizaliwa 1782, aliishi Low Hampton kule jimbo la New York, alipigana vita vya 1812 akiwa kapteni, alikuwa mtu wa kuamini Mungu yupo lakini hajishughulishi na sisi, baadae akaokoka akawa Mbaptisti. Akajifungia na Biblia na konkodansi, kile kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia, kama miaka miwili, 1816 mpaka 1818, akafika Danieli 8:14, ile ya "nyakati za jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu, ndipo patakatifu patakapotakaswa." Akasema siku moja ya unabii ni mwaka mmoja, kitu ambacho kwa haki niseme hakukibuni yeye, Waprotestanti wengi kabla yake walihesabu hivyo. Akaanzia 457 kabla ya Kristo, amri ya mfalme Artashasta kwenye Ezra 7. Patakatifu akasema ni dunia, na kutakaswa ni moto wa Kristo akirudi.

Sasa hebu angalieni hapa ubaoni, nataka tuone hesabu yenyewe kwa macho. 2300 toa 457. Inabaki ngapi? 1843. Ndio. Hiyo ndo ilikuwa 1843 ya Miller. Akaanza kuhubiri 1831, akampata Joshua Himes wa Boston ambaye alijua kazi ya magazeti, na 1842 ikachapishwa chati kubwa ya kutundika ukutani, ina ile sanamu ya Danieli, ina wanyama wa Ufunuo, na tarakimu zimepangwa mistari mistari zote zinashuka chini na kuishia 1843. Sio 2300 peke yake. Kulikuwa na hesabu ya 2520, kulikuwa na hesabu ya 1335, kila moja na mwanzo wake tofauti na zote zinaangukia mwaka uleule. Mtu wa kawaida ukiiona ile chati unasema hapana, hili haliwezi kuwa bahati tu. Na mimi nawaambia hapo ndo pa kuwa makini, maana mwanzo wa kila hesabu alikuwa anauchagua yeye mwenyewe, na ukishajua unataka kufika wapi mwanzo hautakusumbua kuupata.

Miller akasema kwa kalenda ya Kiyahudi ni kati ya Machi 21, 1843 na Machi 21, 1844. Ikapita. Watu wakagundua kwamba hakuna mwaka sifuri, kutoka mwaka 1 kabla ya Kristo unaingia mwaka 1 baada ya Kristo moja kwa moja, kwa hiyo lazima uongeze mmoja, inakuwa 1844. Alafu Agosti 1844 kwenye mkutano wa makambi Exeter, New Hampshire, mhubiri Samuel Snow akaleta siku kamili: siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho, akasema mwaka huo inaangukia Oktoba 22. Wayahudi wengi duniani mwaka ule waliiadhimisha Septemba 23, yeye akasema anafuata hesabu ya Wakaraite, kundi la Wayahudi wanaoshika Maandiko tu bila mapokeo ya marabi. Ule ujumbe ulisambaa kama moto kwenye majani makavu. Wanahistoria wanakadiria waliousubiri walikuwa kati ya 50,000 na 100,000. Zile habari za kuvaa kanzu nyeupe na kupanda juu ya mapaa hazina ushahidi wa maana, tusizirudie, ni za kuwacheka tu. Lakini wapo walioacha viazi shambani bila kuvuna, wapo waliofunga maduka, wapo waliokwenda kulipa madeni na kuombana radhi. Walikuwa wakweli wale. Walimpenda Bwana.

Usiku ukafika, wakasubiri mpaka saa sita, ikapita, mpaka kukakucha. Hiram Edson, mkulima wa Port Gibson, aliandika baadae kwamba walilia na kulia mpaka alfajiri. Nikisoma pale huwa nawaza wale watoto, maana kuna mtoto pale aliambiwa kesho hakuna shule, kesho tunamwona Yesu.

Na hapa ndo naomba tutulie kidogo kwa sababu hiki ndo kitu kilichonileta leo. Miller alifanya nini? Mzee yule, Mei 1844, ile tarehe ya kwanza ilipopita, aliandika kwamba anakiri kosa lake na anakubali kukatishwa tamaa kwake, ila bado anaamini siku ya Bwana iko karibu. Na 1845, baada ya yote, akaandika tena kwamba anakiri waziwazi kuwa kuhusu wakati alikosea. Akafa Desemba 1849, hakuwahi kushika Sabato ya Jumamosi, na ile tafsiri mpya ya 1844, nitakayoieleza sasa hivi, hakuipokea. Mtu mzima, ana sifa nchi nzima, amehubiri miaka kumi na tatu, anasema nilikosea. Mimi namheshimu sana kwa hilo kuliko kwa mahubiri yake yote.

Waliobaki wachache walikwenda njia nyingine. Asubuhi ya Oktoba 23 Edson anatembea kwenye shamba la mahindi na mwenzake, anakwepa barabara wasikutane na majirani wa kuwazomea, na anasema hapo shambani akaelewa ghafla kwamba tarehe ilikuwa sahihi, ila tukio ndo lilikosewa: Kristo hakutakiwa kuja duniani, siku ile alihama kutoka patakatifu kwenda patakatifu pa patakatifu kulekule mbinguni. Mwenzake O.R.L. Crosier akaiandika ikachapishwa 1846. Na huyo Crosier mwenyewe baadae aliikataa, watu wengi hawaambiwi hiyo.

Ndugu zangu, mnaona kilichotokea? Unabii wa kwanza ulikuwa unaweza kupimwa. Unatoka nje, unaangalia juu, amekuja au hajaja. Ulipimwa, ukaanguka. Unabii wa pili umehamishiwa mahali ambapo hakuna jicho la mtu linafika. Nani atapanda akaangalie kama Yesu alibadilisha chumba Oktoba 22? Na Waebrania 9:12 inasema "aliingia mara moja tu katika Patakatifu, akiisha kupata ukombozi wa milele," na sura ya 6 inasema kaingia ndani ya pazia, na hayo yaliandikwa karne ya kwanza, sio karne ya kumi na tisa. Hata lile neno "patakapotakaswa", kwenye Kiebrania cha Danieli sio neno la utakaso la Walawi 16, ni neno la kuwekwa sawa, kurudishiwa haki. Ukisoma sura yote ya 8 inaongelea pembe ndogo inayokanyaga hekalu na kuondoa sadaka ya jioni na asubuhi, na wasomi wengi wanaona pale habari ya mfalme Antioko Epifane aliyelinajisi hekalu 167 kabla ya Kristo, likaja kutakaswa 164. Dhambi za waumini kukaguliwa vitabuni kwenye sura ile hazimo kabisa.

Sasa tuje kwa Ellen. Ellen Harmon, ndo baadae Ellen White, yule ambaye Wasabato wanamtambua kama nabii, alizaliwa Gorham, Maine, Novemba 1827. Akiwa na miaka tisa alipigwa jiwe usoni na msichana mwingine, akaumia vibaya sana, shule ikaishia karibu hapo. Desemba 1844, ana miaka 17, wiki chache tu baada ya ule usiku, akapata njozi ya kwanza akiwa anaomba na kina mama wenzake. Aliona njia nyembamba juu sana, Waadventista, yaani wale waliokuwa wakisubiri Yesu arudi, wanatembea kwenda mjini, na nyuma yao mwanzoni mwa njia kuna nuru, malaika akasema ile nuru ni kilio cha usiku wa manane, yaani ule ujumbe wa 1844. Na wengine wakaikana ile nuru, wakasema sio Mungu aliyetuongoza mpaka hapa, nuru ikazimika kwao, wakaanguka chini kwenye ulimwengu wa giza.

Rudia hapo. Kosa la wale walioanguka lilikuwa nini? Walisema sio Mungu aliyetuongoza kwenye ile tarehe. Yaani kile ambacho Miller alikifanya kwa unyoofu, kukiri, kwenye njozi kimekuwa ndo kuanguka kwenyewe. Hiyo ndo inaniuma. Tangu siku ya kwanza kusema "tulikosea" kulifanywa kuwa kupotea. Na baadae aliandika kwamba ile chati ya 1843 iliongozwa na mkono wa Bwana, isibadilishwe, na kwamba Mungu mwenyewe aliweka mkono juu ya kosa lililokuwa kwenye tarakimu akalificha. Mungu alificha kosa! Mimi kama mtoto wa Kisabato niliposoma hilo kwa macho yangu nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Kuna kingine kwenye njozi hiyohiyo. Ilipochapishwa 1846 ilisema wale walioanguka haiwezekani warudi tena njiani, sawasawa na ulimwengu wote mwovu ambao Mungu ameukataa. Ilipochapishwa upya 1851 mistari hiyo haipo. Kwa nini? Kwa sababu ile miaka ya mwanzo waliamini mlango wa rehema ulifungwa Oktoba 1844, waliookolewa ni wale waliokuwa ndani, na kadiri miaka inavyokwenda ikawa wazi kwamba watu wapya wanaongoka na wao wenyewe wanazaa watoto, imani ile haikukalika tena, ikaachwa polepole bila mtu kusimama na kusema hapa tulikosea.

Na mimi Mpare ninasoma hilo najiuliza, 1844 babu wa babu yangu alikuwa wapi? Alikuwa mlimani kule analima magimbi, hajawahi kusikia jina la Yesu hata mara moja. Ulimwengu mwovu ambao Mungu ameukataa, pamoja na yeye? Mmisionari wa kwanza rasmi kutoka Marekani, J. N. Andrews, alitoka 1874, na alikwenda Ulaya. Kwetu Upare Wajerumani walifika 1903, kule Gendia, Kenya, upande wa Wajaluo, 1906. Kama wale wa mwanzo wangeshikilia ile njozi neno kwa neno, hakuna ambaye angepanda mlima ule kuja kutuhubiria.

Na aliyesimamia kazi ile kutoka Ujerumani, Ludwig Conradi, mtu aliyejenga kanisa lile Ulaya na kufungua milango ya huku kwetu, mnajua aliishia wapi? 1932, mzee wa miaka zaidi ya sabini na tano, aliondoka kanisani, na kubwa lilikuwa hilihili, mafundisho ya patakatifu na 1844 na madai ya unabii wa dada White. Sabato aliendelea kushika, alikwenda kwa Wabaptisti wa Siku ya Saba. Nimelelewa Upare miaka yote sijawahi kusikia mtu anasema hili makambini.

Kuna mambo mengine nitayapita haraka. Mei 1856 kwenye mkutano Battle Creek, Marekani, dada White alisema ameonyeshwa watu waliokuwepo pale, malaika akasema wengine watakuwa chakula cha funza, wengine watapata yale mapigo saba ya mwisho, na wengine watakuwa hai wamlaki Yesu akija. Wote wamekufa. Na kuhusu kunakili, kanisa lenyewe lilimpa Fred Veltman kazi ya kuchunguza kitabu chake cha Tumaini la Vizazi Vyote, alitumia miaka minane, ripoti ikatoka 1988, na katika sura 15 alizopima alikuta kama asilimia 31 ya sentensi zina deni kwa waandishi wengine. Mtu kusoma vitabu na kutumia sio dhambi, enzi zile wengi walifanya. Shida ni pale tulipoambiwa haya ameonyeshwa.

Na waliouliza? Ballenger, mhubiri wao, aliuliza 1905, akatolewa. 1919, miaka minne baada ya dada White kufa, viongozi wakubwa walikaa Takoma Park, Marekani, wakajadiliana waziwazi kwamba maandishi yake yana makosa na yamekuwa yakisahihishwa, kumbukumbu za kikao zikawekwa ghalani zikaja kuonekana 1974. Desmond Ford wa Australia, mwanatheolojia wao mkubwa, aliitwa Glacier View, Colorado, Agosti 1980, akiwa na waraka wa kurasa karibu elfu moja kuhusu Danieli 8:14, akanyang'anywa uchungaji mwaka huohuo, na wachungaji wengi wa Australia wakaondoka baada yake. Mpaka leo sijaona jibu linalomtosha.

(Hapa mzee mmoja alisimama. Nilimjua, ni mzee wa kanisa, aliwahi kufanya efoti nyingi, ile mikutano ya injili, na marehemu baba.)

Mzee alisema: "Mwanangu, na Yona je? Alisema siku arobaini Ninawi itaangamizwa na haikuangamizwa. Na dada White alikataza watu kuweka tarehe, hilo hujalisema."

Asante baba, ni kweli, na ni haki kulisema. Baada ya 1844 yeye mwenyewe alipinga waliotaka kuweka tarehe mpya, hata Joseph Bates, mmoja wa waanzilishi wenzake, alipotaka watu waangalie 1851 yeye hakukubali. Hilo ni lake, simnyang'anyi. Na Yona, baba, Ninawi walitubu, Biblia imesema sababu wazi, mfalme amevaa gunia, mpaka wanyama wamefunga. Mwaka 1856 nani alitubu nini kiasi kwamba wale waliotakiwa kuwa hai wakafa? Na kama kila lisilotimia tutasema lilikuwa na masharti, basi Kumbukumbu 18:22 itafanya kazi siku gani? Pale Musa ametupa kipimo rahisi kabisa, nabii akisema kwa jina la Bwana na jambo lisitimie, hilo Bwana hakulinena, usimwogope. Kaweka na hilo neno, usimwogope. Mimi niliogopa miaka mingi baba.

(Mzee akanyamaza kidogo, akaniuliza mama anajua nayasema haya.)

Anajua. Jumamosi iliyopita nilimpeleka kanisani kama kawaida, nikakaa naye, nikamrudisha, tukala. Nikamsomea alichokiandika Miller kuhusu kosa lake. Akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Na alivyosema hivyo wenzake walimfanyaje?" Nikamwambia Himes alibaki rafiki yake, na hawa wetu waliendelea bila yeye. Akasema "maskini," akaenda kuchukua chai.

Sasa mimi siwaambii mtoke kanisani, wala siwaambii mbaki. Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi nimechapisha, njozi ileile moja, upande mmoja ni ya 1846 na upande wa pili ni ya 1851, na pale mistari ilipoondolewa nimeweka rangi ya njano. Tafsiri ya Kiswahili ni yangu, na Kiingereza chake kiko chini ili anayekijua anisahihishe. Zipo nakala arobaini, hazitoshi wote, mtasoma wawili wawili. Mzee, karibu wewe uanze, miwani ninayo hapa kama umesahau ya kwako.